Kutengeneza Muziki kwenye Raspberry Pi Bila Sauti Kukatika: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale. Mtu amepata Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyo bodi moja tu, ameweka programu ya muziki, amefungua traki mbili tatu, na mara sauti inaanza kukwaruza na kukatika. Anafunga, anafungua tena, anabadilisha programu, anabadilisha kadi. Mwishowe anatangaza kwamba bodi hizi hazifai kwa muziki.

Zinafaa. Zinachotaka ni kazi ifanywe kwa mpangilio, na mpangilio ndio unaokosekana karibu kila mara.

Elewa jambo moja kabla hujagusa chochote: kadi ya sauti haisubiri. Kila baada ya milisekunde chache inadai fungu jipya la sauti kutoka kwa prosesa. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), fungu la sampuli 256 linaisha ndani ya milisekunde 5.3. Prosesa ikichelewa mara moja tu, linatokea pengo, na pengo hilo ndilo unalolisikia likikwaruza. Ndiyo maana kipimo cha prosesa kinaweza kusoma asilimia 30 na bado sauti ikakatika. Wastani ni mzuri, ila kuna wakati ambapo kazi haikufika kwa muda wake. Kinachohitajika hapa ni kuwahi, zaidi ya nguvu.

Hatua zote zilizo chini zinaondoa vitu vinavyoichelewesha prosesa, kimoja baada ya kingine. Usiende hatua inayofuata kabla hujaona dalili ya kufaulu ya hatua uliyopo. Ukiruka, utakuja kutafuta kosa la umeme ndani ya programu ya muziki, na hutalipata humo.

## Vifaa

- Bodi. Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4, au Raspberry Pi 5. Raspberry Pi 400, ile iliyojengwa ndani ya kibodi, nayo ni nzuri sana kwa sababu ina bati kubwa la kupozea ndani yake. Pi 3 inatosha kwa sinthi moja (chombo cha programu kinachotengeneza sauti), si kwa wimbo mzima.
- Chaja. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pi 5 inataka chaja yake ya wati 27. Chaja ya simu isiwe sehemu ya mpango huu.
- Kipoza. Feni, au boksi la chuma linalogusana na prosesa. Kwa Pi 5 hili halina mjadala.
- Kadi ya sauti ya nje ya USB. Iwe ile inayofanya kazi bila draiva maalumu, kwa kufuata kiwango cha kawaida cha sauti cha USB. Kama maelezo yake yanasema inaunganishwa na tableti au simu bila kuweka programu yoyote, kwa kawaida itafanya kazi hapa pia.
- SSD ya USB, kwa ajili ya kuhifadhi miradi. Memori kadi ibebe mfumo peke yake.
- Hedifoni za waya. Za Bluetooth zina uchelewaji ambao hakuna mpangilio wa bodi utakaouondoa.
- Kinanda cha MIDI cha USB, yaani kinachotuma noti badala ya sauti, ukipenda kupiga kwa mikono. Si lazima.

Watu wengi hujaribu kukwepa kadi ya sauti ya nje. Hakuna bodi ya Raspberry Pi yenye tundu la kuingizia maikrofoni. Pi 4 ina tundu la hedifoni, lakini sauti yake ni ya kusikilizia tu, haitoshi kupimia miksi. Pi 5 haina kabisa tundu hilo. Kama bajeti inakubana, punguza kwenye bodi, usipunguze kwenye kadi ya sauti.

## Programu ambazo usizitafute

FL Studio, Ableton Live na Logic Pro hazina matoleo ya Linux, na bodi hizi zinatumia Linux. Plagini za VST ulizonazo za Windows, yaani sinthi na vichujio vinavyofunguka ndani ya programu ya muziki, nazo hazitafunguka, kwa kuwa zimeandikwa kwa prosesa za Intel na AMD, wakati bodi ina prosesa ya ARM. Zipo njia za kuigiza prosesa nyingine, lakini uigizaji wenyewe unakula ule ule muda ambao kadi ya sauti inaudai. Usianzie huko.

Zilizopo na zinazofanya kazi vizuri ni hizi: Ardour kwa kurekodi na kumiksi, LMMS kwa kupanga biti (midundo), Hydrogen kwa ngoma, Yoshimi na amsynth kwa sinthi. REAPER ina toleo la Linux kwa ARM, na Renoise pia. Mwongozo huu unatumia Ardour kwa sababu inarekodi sauti na MIDI pamoja na inapatikana moja kwa moja kwenye hazina ya mfumo. LMMS ni rahisi zaidi kwa anayeanza kutengeneza biti, ila toleo lake la kawaida halirekodi sauti ya mwimbaji. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshamaliza biti.

## Hatua ya 1: Weka mfumo wa biti 64

Tumia Raspberry Pi Imager kuandika Raspberry Pi OS ya biti 64 kwenye memori kadi. Chagua toleo lenye dawati la kawaida, si lile lililojazwa programu nyingi. Washa bodi, unganisha intaneti, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), kisha andika:

```
sudo apt update
sudo apt full-upgrade
sudo reboot
```

Ikishawaka upya, hakikisha ni biti 64 kweli:

```
dpkg --print-architecture
```

Jibu liwe `arm64`. Likiwa `armhf`, umeweka toleo la biti 32, rudia kuandika kadi. Usitumie `uname -m` kuthibitisha hili. Amri hiyo inaonyesha kiini cha mfumo (kernel) tu, na kiini kinaweza kuwa cha biti 64 huku programu zote juu yake zikiwa za biti 32.

## Hatua ya 2: Thibitisha umeme na joto

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Umeme ukishuka au joto likipanda, bodi inapunguza kasi ya prosesa yenyewe, kimya kimya, ili isife. Kwa mtu anayesoma barua pepe haitaonekana. Kwa kadi ya sauti inayodai fungu kila milisekunde tano, ni balaa.

Chomeka kila kitu utakachotumia: kadi ya sauti, SSD, kinanda. Kisha ibebeshe bodi mzigo kamili kwa dakika kumi:

```
sudo apt install stress-ng
stress-ng --cpu 4 --timeout 600
```

Wakati mzigo unaendelea, fungua terminali nyingine uandike amri hizi mara kwa mara:

```
vcgencmd measure_temp
vcgencmd get_throttled
```

Joto libaki chini ya nyuzi 80. Kuanzia hapo Pi 4 na Pi 5 huanza kujipunguza kasi, na zikifika 85 zinapunguza zaidi. Jibu la amri ya pili liwe hivi:

```
throttled=0x0
```

Sifuri maana yake bodi haijajipunguza hata mara moja tangu iwashwe. Ukiona `0x50005`, umeme uko chini sasa hivi. Ukiona `0x50000`, ulishuka wakati fulani kisha ukarudi. Dawa ya zote mbili ni chaja bora na waya mfupi, mnene. Ukiona `0x80000` au `0xe0000`, tatizo ni joto: ongeza feni, au toa bodi kwenye boksi la plastiki lililofungwa.

Kwa wenye Pi 5, kuna mtego hapa. Ukitumia chaja ya ampea 3, bodi itawaka na kufanya kazi, lakini itazipa tundu zote za USB milliampea 600 tu kwa pamoja. Kadi ya sauti na SSD zinaweza kugombania kiasi hicho hadi moja ikazimika katikati ya kurekodi. Hutaona onyo kubwa, utaona tu kifaa kimetoweka.

Kipimo hakiji sifuri? Simama hapa. Hakuna mpangilio wa programu utakaotibu umeme mbovu.

## Hatua ya 3: Zuia prosesa isipunguze kasi kwa hiari

Hata umeme ukiwa safi, mfumo hupunguza kasi ya prosesa kazi zikipungua, ili kuokoa umeme, kisha huipandisha zikirudi. Kupanda huko kunachukua muda kidogo, na muda kidogo ndio tusio nao. Ilazimishe ibaki juu:

```
echo performance | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_governor
```

Mpangilio huu unafutika bodi ikizimwa. Ili udumu, andika `sudo crontab -e`, kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa faili:

```
@reboot echo performance | tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_governor
```

Washa bodi upya, halafu soma:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor
```

Likija neno `performance`, umemaliza. Joto litapanda kidogo kuliko mwanzo, na ndiyo sababu hatua ya 2 ilitangulia.

## Hatua ya 4: Ipe sauti kipaumbele

Kwa kawaida Linux huzigawia programu zote muda kwa zamu. Programu ya muziki inahitaji ruhusa ya kuruka foleni, na pia ruhusa ya kushikilia kumbukumbu yake ndani ya RAM isihamishiwe kwenye diski. Unda faili la ruhusa:

```
sudo nano /etc/security/limits.d/95-audio.conf
```

Ndani yake weka mistari miwili tu:

```
@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited
```

Hakikisha akaunti yako imo kwenye kundi la sauti, kisha washa upya:

```
sudo usermod -aG audio $USER
sudo reboot
```

Thibitisha kwa `ulimit -r`, ambayo inapaswa kujibu 95, na `ulimit -l`, ambayo inapaswa kujibu `unlimited`. Ikijibu 0 kwa ile ya kwanza, kagua kama umekosea herufi kwenye faili. Alama ya `@` ikisahaulika, mfumo unadhani unamzungumzia mtu anayeitwa audio, nao unalipuuza agizo.

Utasoma mahali pengi kwamba lazima uunde kiini maalumu cha Linux cha muda halisi, kile cha PREEMPT_RT. Kazi hiyo ni ya kweli na ina faida, na tangu toleo la 6.12 uwezo huo umo ndani ya Linux yenyewe. Lakini kiini cha kawaida cha Raspberry Pi OS kinatosha kwa kila kitu kilichomo kwenye mwongozo huu. Anayeanza na kiini maalumu huku chaja yake ni mbovu anajichosha bure.

## Hatua ya 5: Tambulisha kadi ya sauti

Chomeka kadi moja kwa moja kwenye bodi, usipitishe kwenye kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake. Halafu:

```
aplay -l
arecord -l
```

Amri ya kwanza inaorodhesha njia za kutolea sauti, ya pili za kuingizia. Utaona pia majina yenye `vc4hdmi`. Hayo ni ya skrini, yaache. Kadi yako inapaswa kuonekana kwenye orodha zote mbili. Ikionekana kwenye ya kwanza pekee, haina uwezo wa kurekodi. Isipoonekana popote, badilisha waya kwanza: waya wa kuchajia tu haupitishi data.

Shika jina la kadi, usishike namba yake. Namba hubadilika kulingana na kifaa kilichowahi kuamka siku hiyo, na mradi uliofunguka vizuri jana unaweza kukataa leo kwa sababu hiyo tu.

Bofya alama ya spika juu ya dawati, chagua kadi yako, cheza wimbo wowote. Ukiusikia safi kwenye hedifoni kwa dakika kadhaa, endelea.

## Hatua ya 6: Sakinisha programu chache tu

```
sudo apt install ardour ardour-lv2-plugins lsp-plugins-lv2 x42-plugins fluid-soundfont-gm
```

Hiyo inatosha kumaliza wimbo. Ardour inakuja na plagini zake nyepesi, kama kompresa, ikwalaiza, mwangwi na kifaa cha kupigia maktaba za sauti za sf2. LSP na x42 zinaongeza vipimo na vichujio vizuri. Maktaba ya `fluid-soundfont-gm` ina piano, besi, nyuzi, tarumbeta na ngoma, na utaikuta ndani ya `/usr/share/sounds/sf2/`.

Najua hamu ya kusakinisha kila kinachopatikana. Izuie kwa sasa. Ukiwa na plagini kumi unazozijua, ukisikia mkwaruzo unajua pa kutazama.

## Hatua ya 7: Panga bafa

Hapa ndipo panapohitaji utulivu.

Bafa ni lile fungu la sampuli ambalo prosesa inalijaza na kadi inalimaliza. Fungu likiwa dogo, sauti inakujia haraka baada ya kugusa kinanda, lakini prosesa inabanwa. Likiwa kubwa, prosesa inapumua, lakini unagusa leo unasikia kesho. Hesabu yake ni rahisi: ukubwa wa bafa, mara idadi ya mafungu, gawanya kwa kasi ya sampuli.

Kwa kasi ya 48,000 na mafungu mawili:

- Bafa ya 128 inakupa milisekunde 5.3
- Bafa ya 256 inakupa milisekunde 10.7
- Bafa ya 512 inakupa milisekunde 21.3
- Bafa ya 1024 inakupa milisekunde 42.7

Kuna muda mwingine mdogo unaoongezwa na kadi yenyewe na USB, hivyo zichukue kama kiwango cha chini.

Fungua Ardour. Kwenye dirisha la kupanga sauti chagua mfumo wa ALSA (njia ya Linux ya kuzungumza na kadi ya sauti moja kwa moja), kadi yako kwa kuingiza na kutoa, kasi ya 48,000, bafa ya 512. Kama unaona sehemu ya mafungu, yaani Periods, anza na 3. Kadi nyingi za USB hutulia zaidi na 3 kuliko 2.

Kwa nini ALSA na si JACK? Kwa sababu unatumia programu moja. JACK ni chombo kizuri cha kuunganisha programu kadhaa, lakini kila tabaka unaloliongeza ni mahali pengine pa kukosea. Iache Ardour izungumze na kadi uso kwa uso. Ikifungua kadi namna hiyo, programu nyingine hazitaweza kutoa sauti kwa wakati ule, kwa hiyo funga kivinjari kwanza. Ni hivyo hivyo inavyotakiwa.

Kwa nini 48,000 na si 96,000? Ukiongeza kasi mara mbili, unaongeza kazi ya kila plagini mara mbili na unajaza diski mara mbili. Kwenye bodi hii, nguvu hiyo itumie kwenye traki.

Sasa jaribu. Washa metronomu ya Ardour, iache icheze dakika kumi huku ukifungua menyu na kusogeza madirisha. Juu ya dirisha kuna kipimo cha DSP, yaani mzigo wa kuchakata sauti, na hesabu ya xrun, ambayo ni idadi ya mara ambazo fungu lilichelewa. Xrun ikibaki sifuri, shusha bafa hadi 256 urudie. Ikibaki sifuri tena, umefika. Usishuke zaidi ya hapo kwa sababu tu inawezekana.

Anayerekodi sauti ya kuimba ana njia bora kuliko kushusha bafa. Kadi nyingi za nje zina kitufe au kirungu cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni, kabla haijaingia kwenye bodi. Kiwashe, zima usikilizaji wa traki hiyo ndani ya Ardour, na mwimbaji atajisikia bila kuchelewa hata bafa ikiwa 1024. Ukiacha vyote viwili vikiwa wazi, atajisikia mara mbili na atapotea.

## Hatua ya 8: Jenga wimbo kwa zamu

Unda mradi mpya kwenye SSD, si kwenye memori kadi. SSD iwe imeumbizwa kwa ext4, mpangilio wa diski wa Linux. Ardour hurekodi kwa biti 32, kwa hiyo traki moja ya mono kwa 48,000 inakula takribani MB 11.5 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki nane ni kama MB 370, bila kuhesabu majaribio uliyoyafuta. Ukubwa si tatizo. Tatizo la memori kadi ni kwamba husita ghafla ikiandika, na ikisita katikati ya kurekodi umeipoteza pumzi ya mwimbaji.

Panga kazi kwa zamu hii:

Ngoma na besi kwanza. Bafa iwe 256, piga kwa kinanda au chora noti kwa mkono. Tazama kipimo cha DSP kila unapoongeza sinthi. Kikikaribia asilimia 60, acha kuongeza.

Geuza sinthi kuwa sauti. Hii ndiyo siri ya kazi nzima kwenye bodi ndogo. Sinthi inatengeneza sauti upya kila wakati unapocheza wimbo, ila faili la sauti linasomwa tu kutoka kwenye diski. Unda traki mpya ya sauti, unganisha mlango wake wa kuingizia na mlango wa kutolea wa traki ya sinthi, rekodi toka mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza, bofya kulia jina la traki ya sinthi uondoe alama kwenye Active. Kuizima mdomo kwa Mute hakutoshi: inanyamaza lakini inaendelea kufanya kazi. Usiifute, maana utaitaka ukibadili mawazo juu ya noti fulani.

Umefaulu ukiona DSP imeshuka wazi wazi na wimbo unasikika vile vile.

Kisha sauti za watu na gitaa. Sasa sinthi zimelala, bodi ni nyepesi tena. Panga kiwango cha kuingiza ili kilele kibaki kama desibeli 10 chini ya mwisho. Sauti iliyogonga juu wakati wa kurekodi haitengenezeki.

Miksi mwishoni. Funga mradi, ufungue na bafa ya 1024. Hupigi tena kinanda, hivyo uchelewaji haukudhuru, na prosesa inapata nafasi kubwa ya kupumua.

Kwenye miksi, kuna tabia moja inayoua bodi: kuweka mwangwi wake kwenye kila traki. Weka mwangwi mmoja kwenye njia ya pamoja, na kila traki iutumie kwa kiwango chake. Mbali na kuokoa prosesa, vyombo vyote vinasikika kama viko chumba kimoja. Epuka pia plagini za mwangwi zinazosoma rekodi za vyumba halisi, na ikwalaiza zenye hali ya awamu mstari (linear phase). Ni nzuri, na ni nzito mno.

Kutoa faili la mwisho ni sehemu isiyo na hofu. Wakati wa kutoa, hakuna kadi inayodai fungu kwa muda maalumu. Bodi inaweza kwenda polepole na matokeo yakawa sahihi kabisa. Wimbo unaokwaruza kidogo ukiucheza unaweza kutoka safi kwenye WAV. Toa kisha usikilize faili lenyewe kabla hujahukumu.

## Ikiwa bado inakatika: isome tabia yake

Inakatika kila baada ya muda ulio sawa. Shuku Wi-Fi inayotafuta mitandao. Izime wakati wa kurekodi kwa `sudo rfkill block wifi`, uirudishe kwa `sudo rfkill unblock wifi`. Zima Bluetooth pia.

Inaanza vizuri, inaharibika baada ya robo saa. Joto. Rudi hatua ya 2.

Inakatika unapofungua kivinjari au mradi mkubwa. RAM imejaa na mfumo unaandika kwenye diski. Andika `free -h`. Kama mstari wa Swap unaonyesha matumizi makubwa, funga programu nyingine au tumia maktaba ndogo ya sauti.

Kadi inatoweka kabisa. Umeme wa USB. Weka kigawanyo chenye chaja yake, na SSD ihamie huko.

Inakatika unaposogeza madirisha au kukuza mawimbi ya sauti. Kazi ya picha inaigombania prosesa. Punguza ukubwa wa skrini hadi 1920 kwa 1080 kama unatumia skrini ya 4K.

Wi-Fi inalegea kila SSD ikifanya kazi. Vifaa vya USB 3 hutoa mawimbi yanayoingilia masafa ya GHz 2.4. Tumia Wi-Fi ya GHz 5, au sogeza SSD mbali na bodi kwa waya wenye kinga.

## Unapotaka programu mbili kwa pamoja

Siku utakapotaka Hydrogen ipige ngoma huku Ardour ikirekodi, ALSA peke yake haitatosha. Raspberry Pi OS za sasa zina PipeWire tayari, na inaweza kuvaa kazi ya JACK:

```
sudo apt install pipewire-jack qpwgraph
pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256
pw-jack hydrogen &
pw-jack ardour
```

Ndani ya Ardour chagua JACK badala ya ALSA. Programu ya qpwgraph inakuonyesha milango yote, nawe unaiunganisha kwa kuvuta nyaya kwa kipanya. Amri ya `pw-top` inaonyesha makosa kwenye safu ya ERR. Safu hiyo ikitulia bila kupanda, mambo ni sawa. Ukimaliza, rudisha bafa kwenye hali yake kwa kuandika 0 mahali pa 256.

## Hatua ya 9: Nakili kadi

Ukishapata mfumo unaocheza dakika kumi bila xrun, usiuguse. Fungua SD Card Copier kwenye menyu ya Accessories, unakili memori kadi nzima kwenye nyingine, uandike tarehe juu yake, uiweke pembeni. Masasisho ya mfumo yafanye kati ya mradi na mradi, kamwe si katikati. Baada ya kila sasisho rudia jaribio la metronomu. Likikataa, chomeka ile kadi ya akiba uendelee na kazi.